Barua ya wazi kwa wanaogawa basari: mlipieni mtoto mpaka amalize

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa magavana wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia. Kwa wabunge na wawakilishi wadi wa sehemu hizi. Na kwa wasimamizi wa mifuko yote inayosomesha watoto wa wasiojiweza.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa. Nafundisha Kiswahili na Historia, na juu ya hayo nimekabidhiwa ushauri nasaha. Mtoto anapoanza kupotea darasani, jina lake huletwa kwangu kabla halijakatwa kwenye rejista, nami huenda kumtafuta kwao. Ninawaandikia kwa ajili ya watoto hao. Ombi langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa urefu: pesa mnazotoa kusomesha watoto maskini zitolewe kwa namna ya kumfikisha mtoto mwisho wa masomo. Kwa sasa nyingi zinamsaidia kuanza, kisha zinamwacha njiani.

Nasema nyingi, sisemi zote. Ipo mipango iliyoonyesha njia na ni haki kuitaja kwanza. Wings to Fly, ulioanza mwaka 2010 chini ya wakfu wa Equity kwa ushirikiano na Mastercard Foundation, ulimchukua mtoto kutoka kidato cha kwanza akiwa na ahadi ya miaka yote minne: karo, sare, vitabu, nauli, hata hela kidogo za matumizi. Elimu Scholarship ya Wizara ya Elimu, iliyogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ilifuata mtindo huo huo na kulenga kaunti ndogo zilizobaki nyuma pamoja na mitaa ya mabanda mijini. Watoto waliopita humo wako kila mahali siku hizi. Ni wauguzi, ni walimu, wengine wanasoma vyuo vikuu. Nimewafahamu kadhaa kabla hawajapata ufadhili na baada ya kuupata, na naweza kuwaambia jambo ambalo haliandikwi kwenye ripoti za mwaka. Mtoto aliyeahidiwa miaka yote huacha kusikiliza hatua za mhasibu kwenye varanda.

Mnajua ninachosema kama mlisomea shule zetu. Wiki ya tatu ya muhula, mhasibu huingia na karatasi, husoma majina, na waliotajwa hufunga mikoba kimya kimya. Yule wa Obunga ambaye mama yake hukaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa, anajua siku mbili kabla kwamba atasomwa. Siku hizo mbili hasikii ninachofundisha. Akirudishwa nyumbani hukaa wiki, pengine mbili, mama akizunguka kukopa. Anaporudi tumeshamaliza mada, na mwenzake wa kumwazima daftari ni yule aliyerudishwa naye siku moja. Muhula wa pili ni vivyo hivyo. Akifika kidato cha tatu anaanza kubeba mizigo soko la Kibuye Jumamosi, kisha Ijumaa na Jumamosi, kisha siku moja anapewa pikipiki ya mtu aendeshe, na hapo ndipo jina lake linaletwa kwangu. Hakuna siku hata moja ambayo mtoto huyo alikaa chini akaamua kuacha shule.

Sasa tutazame basari za kawaida zinavyokutana na mtoto wa namna hii. Kiwango cha karo ambacho Wizara imekuwa ikitumia kwa shule nyingi za bweni zisizo za kitaifa ni Sh40,535 kwa mwaka, na kwa zile za kitaifa ni Sh53,554. Tuseme mtoto amepata Sh5,000 kutoka mfuko wa eneobunge na Sh3,000 kutoka kaunti. Siku ya hundi kuna hema, viti vya plastiki, hotuba na picha. Mzazi anashukuru, na kwa kweli ana haki ya kushukuru. Lakini bado anadaiwa Sh32,535, na zile Sh8,000 huenda zikaingia kwenye akaunti ya shule muhula wa pili ukiwa katikati, wakati mtoto ameshakosa mitihani ya muhula wa kwanza. Mwaka unaofuata anaanza upya na fomu mpya, na pengine mwaka huo jina lake halipo. Haba na haba hujaza kibaba, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, ila karo ina tarehe, na kibaba kisipojaa kabla ya tarehe hiyo mtoto yuko nje ya lango. Ni sawa na kumlipia abiria nauli ya kutoka Kisumu mpaka Ahero ilhali safari yake ni ya Nakuru, kisha tukashangaa mbona hakufika.

Mtasema basi asome shule ya kutwa, kwa kuwa ni ya bure. Mimi nafundisha shule ya kutwa, kwa hiyo niruhusuni niseme. Tangu mwaka 2018 Serikali iliweka mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na mgao huo ungefika wote na kwa wakati, shule nyingi zingepumua. Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba Hazina haimudu kiasi hicho na kwamba kinachotolewa ni kama Sh16,900. Namshukuru kwa kusema ukweli huo hadharani. Pengo lile halikuzibwa na mtu mwingine ila mzazi. Bodi ya shule inahitaji kuwalipa walimu iliowaajiri yenyewe, inahitaji chaki, inahitaji maharagwe ya mchana. Mtoto wa Nyalenda anayelala na njaa akakosa pesa za chakula cha shule hukaa nyuma ya jengo wakati wenzake wanapanga foleni. Hajafukuzwa na mtu, lakini baada ya mwezi hivi hajitokezi.

Kisha kuna fomu yenyewe. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu naamini wengi wenu hamjawahi kuijaza mkiwa hamna kitu mfukoni. Fomu ya basari inadai nakala ya kitambulisho cha mzazi, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti ya muhula uliopita, barua ya kujiunga na shule, muundo wa karo, na kama mtoto ni yatima, cheti cha kifo. Inadai sahihi na muhuri wa chifu, wa mwalimu mkuu, na wa kiongozi wa dini. Kila nakala ni shilingi. Kwenda kwa chifu ni nauli, na ukimkosa ni nauli tena. Nyanya wa Seme anayelea wajukuu watatu hana cheti cha kifo cha mwanawe, kwa sababu mwanawe alifia nyumbani na hakuna aliyeandikisha kifo hicho. Mjukuu wake ndiye yatima wa kweli katika kata nzima, na ndiye ambaye karatasi zake hazikamiliki. Fomu ya mtoto wa mtu aliye karibu na ofisi inakamilika asubuhi moja. Sidai kwamba kila kamati ina upendeleo. Ninachosema ni kwamba fomu peke yake, hata ikisimamiwa na malaika, inamchuja aliye maskini zaidi na kumpitisha aliye na nafuu.

Chifu anamjua yatima huyo. Mzee wa mtaa anamjua, mhudumu wa afya wa kijiji anamjua, mwalimu wake wa darasa anajua hata rangi ya viatu vyake. Mpango wa Wings to Fly uliweka bodi za uteuzi katika maeneo, watu wa hapa hapa wakakaa pamoja, na familia zikatembelewa nyumbani. Kwa nini basari ya wadi isifanye hivyo? Orodha ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya chifu na kwenye lango la shule kabla ya pesa kutoka, watu waisome, na mwenye neno aseme. Kijijini hakuna siri ya nani ana ng'ombe na nani hana.

Na tafadhali msije mkategemea alama peke yake. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mipango mingi ilikuwa imezoea kuchagua kwa alama zake. Sasa ni matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini katika mtaala mpya, ambao kundi la kwanza liliufanya mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, Januari 2026. Mtoto aliyefanya mtihani huo huku akiwauguza wadogo zake na kuchota maji Dunga alfajiri, akapata matokeo ya wastani, ameonyesha uwezo mkubwa kuliko inavyoandikwa kwenye karatasi. Dada yangu anafundisha Nakuru, upande wa Rhonda, na hunieleza habari za watoto wanaookota vyuma chakavu jaa la Gioto wikendi ili Jumatatu waje na kalamu. Kuwapima hao kwa rula moja na mtoto wa Milimani ni kuwanyima mara mbili.

Waheshimiwa, mambo haya hayakuhitaji mtaalamu kutoka mbali, lakini wataalamu walikuja, na walichokiona walikiona hapa hapa kwetu. Mwaka 2001 na 2002 shirika la Kiholanzi lilifadhili wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Waliofanya vyema zaidi, asilimia 15 ya kila wilaya, walilipiwa Sh500 shuleni na familia ikapewa Sh1,000 kwa mwaka kununua mahitaji, kwa miaka miwili. Pesa ndogo. Watafiti akiwemo Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alituzwa Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, walifuatilia kilichotokea. Kule Busia alama za wasichana zilipanda, walimu walihudhuria zaidi, na hata wavulana ambao hawakuwa na nafasi yoyote ya kupata tuzo walifanya vizuri zaidi. Yaani ufadhili wa mtoto mmoja uliinua darasa zima.

Upande wa Teso mambo hayakuwa mepesi hivyo, na ni vizuri mkalijua hilo pia. Radi ilipiga shule moja mwaka 2001 ikaua wanafunzi. Watu walikuwa na majonzi, uvumi ukaenea kuhusu shirika hilo la kigeni na pesa zake, na baadhi ya shule zikajitoa. Mimi nasoma habari hiyo nikiona jambo ambalo kila kamati ya basari yafaa ilikumbuke: pesa ambayo watu hawaelewi imetoka wapi na kwa nini imempata huyu ikamkosa yule, hata iwe na nia njema kiasi gani, haitaaminiwa.

Utafiti mwingine ulifanywa magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2003, katika shule 328. Katika baadhi ya shule hizo watoto wa darasa la sita walipewa sare bure. Hakikuwa kingine ila sare. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba walipungua pia. Elimu ya msingi ilikuwa imetangazwa kuwa bila malipo mwaka huo huo wa 2003, na bado sare peke yake ilikuwa inawatoa watoto shuleni. Nakumbuka hilo kila ninaposikia mtu akisema karo imelipwa kwa hiyo mtoto hana kisingizio. Karo haimnunulii msichana sodo. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017 ili Serikali iwape wasichana sodo bila malipo, lakini zinapokosekana shuleni kwetu walimu wa kike ndio huchanga, na wasichana wengine hukaa nyumbani siku hizo kila mwezi. Karo haimpi mtoto godoro wala sanduku la kupelekea bweni. Haimlipii nauli ya matatu kutoka Budalang'i wakati mto Nzoia umefurika. Ufadhili unaoishia kwenye karo huishia mahali ambapo shida za msichana huyo ndipo zinapoanza.

Nchini Ghana mwaka 2008 kulikuwa na vijana 2,064 waliokuwa wameshapata nafasi ya sekondari ya juu lakini hawakuwa na karo. Kwa bahati nasibu, 682 kati yao walilipiwa miaka minne. Waliolipiwa walimaliza kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na wasichana wao walichelewa kupata watoto. Naomba mzingatie neno minne. Walilipiwa mpaka mwisho.

Najua pingamizi linalonisubiri, na ni pingamizi la haki. Mwakilishi wadi ataniuliza: mwalimu, nikichukua milioni tatu za wadi na kuwalipia watoto wa bweni kikamilifu kwa Sh40,535, nitawafikia watoto 74. Nikigawa Sh3,000 kila mmoja nawafikia elfu moja. Hao mia tisa na zaidi nitawaambia nini? Nami nimeliwaza swali hilo kwa muda mrefu, maana miongoni mwa hao mia tisa wamo wanafunzi wangu. Jibu langu ni kwamba wale elfu moja hamjawafikia kwa kweli. Wengi wao Sh3,000 haikubadilisha kama watasoma au hawatasoma. Mzazi mwenye uwezo kidogo angemaliza mwenyewe, na yule asiye na uwezo kabisa bado atarudishwa nyumbani. Kilichopatikana ni majina elfu moja kwenye orodha. Chukueni kwanza wale ambao bila ninyi hawatamaliza, yatima na waliotelekezwa na wale ambao mzazi wao ni mgonjwa, muwabebe wote mpaka mtihani wa mwisho. Kinachobaki msikigawe kwa vipande. Kipelekeni kwenye jiko la shule ya kutwa, mlipe chakula cha mchana cha watoto wote wa wadi. Kwa pesa hiyo hiyo mtawashika watoto wengi zaidi darasani, na hakuna atakayehitaji kujaza fomu ili ale.

Hata hesabu imekuwa nyepesi kidogo. Zamani ilikuwa miaka minne; sekondari pevu ni mitatu. Kwa kiwango cha Sh40,535 mtoto wa bweni anahitaji Sh121,605 kwa safari yake yote. Andikeni kiasi hicho kwenye barua moja, Januari moja, na mkitenge. Ninyi mnaopanga bajeti za mabilioni mnaweza kuahidi miaka mitatu. Na wale waliobaki wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao wa mwisho watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027, msiwasahau katika shamrashamra za mtaala mpya. Wapo sasa hivi, wana madeni ya miaka ya nyuma, na ni rahisi sana kwao kuteleza kwa sababu kila mtu anaangalia Gredi ya 10.

Kuna ugomvi mmoja ambao umetuumiza. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na linaiachia Serikali ya Kitaifa shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya NG-CDF, ule mfuko wa eneobunge unaotoa basari, inakiuka Katiba. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti akazionya kaunti zisitoe basari za sekondari bila makubaliano rasmi na Serikali ya Kitaifa, magavana wakapinga, suala likafika mahakamani. Sina neno na mahakama wala na Mdhibiti. Katiba ndiyo sheria kuu na kila afisa ana wajibu wa kuilinda. Lakini mlango wa makubaliano ulikuwa wazi tangu mwanzo. Karatasi za makubaliano kati ya serikali mbili zinaandikwa na mawakili ambao tayari mnawalipa mshahara. Watoto wa Muhoroni walifungua shule wakati ninyi mnabishana ni nani mwenye jukumu, na Ibara ya 53 ya Katiba hiyo hiyo inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haisemi atangoja ugomvi uishe.

Sasa niwaeleze habari ya msichana mmoja, kwa idhini yake na bila kumtaja. Kwao ni upande wa Nyando. Alikuwa amepata ufadhili kutoka kwa mfuko fulani, na kwa miaka miwili alikuwa miongoni mwa wale wa mbele darasani. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliichukua nyumba yao, familia ikahamia kambi ya muda, na katika misukosuko hiyo alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Miongozo ya Wizara ya mwaka 2020 inasema wazi kwamba msichana aliyejifungua arudi shuleni, nasi tulikuwa tayari kumpokea. Nilikwenda kwao, nikazungumza na mama yake, mama akakubali kumlea mtoto. Tulipouliza kuhusu ufadhili tukaambiwa umekatizwa kwa sababu alikosa mihula miwili na masharti yanataka mahudhurio mfululizo. Tuliandika barua. Hatukujibiwa. Sasa anauza nyanya sokoni Ahero, mtoto mgongoni, na bado hunitumia ujumbe akiuliza kama kuna habari yoyote.

Nimeyasoma masharti ya aina hiyo na naelewa yametoka wapi. Mfadhili anataka kuona matokeo. Lakini mtoto maskini ndiye atakayeugua, ndiye atakayefurikiwa, ndiye atakayepata mimba, ndiye atakayefiwa na mlezi katikati ya muhula. Ufadhili uliotungwa kwa ajili yake ni lazima ujue hivyo tangu siku ya kwanza. Wekeni kifungu cha kusitisha na kurejea: mtoto akikosa muhula kwa sababu ya kueleweka, pesa zake zimngoje. Na mtu mmoja katika kila mpango apewe kazi ya kumpigia simu mtoto aliyekosekana kabla ya kumfuta, kama tunavyofanya sisi walimu kwa simu zetu wenyewe.

Kwa kaka na dada zetu wa Kakamega na Bungoma nina neno la pembeni. Kampuni ya Pan Paper ya Webuye ilifungwa mwaka 2009. Kiwanda cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wadai, mwaka 2019 baada ya miaka ya kuyumba. Wazazi waliokuwa wakilipa karo kwa miwa na kwa mshahara wa kiwandani walijikuta mikono mitupu, na watoto wao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya maskini kwa kuwa mwaka uliotangulia hawakuwa maskini. Mifuko yetu huchagua watoto mara moja tu, mwanzoni. Mtoto aliyeanguka katika umaskini akiwa Gredi ya 11 hana pa kubisha. Tengeni nafasi chache kila mwaka kwa ajili ya hao wa katikati ya safari. Gharama yao ni ndogo kwa sababu wamebakisha muda mfupi, na hasara ya kuwaacha ni kubwa kwa sababu wamekaribia.

Kuna pia walio upande wa pili wa mtihani. Kijana amefanya KCSE, amefaulu, na cheti chake kimefungiwa kabatini kwa sababu ya salio la karo. Mawaziri zaidi ya mmoja wameagiza vyeti viachiliwe, na bado nakutana na vijana wa boda boda Kondele wanaoniambia cheti kiko shuleni. Bila cheti ni shida kujiunga na chuo cha ufundi, na hawezi kuajiriwa kama askari. Kwangu mimi huyo hajamaliza shule. Kaunti inayotafuta mahali pa kuweka pesa ya basari ianze kwa kulipa masalio hayo, na shule zikipokea pesa ziviachilie vyeti siku hiyo hiyo.

Waheshimiwa, fomu za mwaka ujao zitatolewa katika miezi michache ijayo. Kabla hazijachapishwa naomba kamati za wadi zikutane na walimu wa ushauri nasaha wa shule zao, kila shule ilete orodha ya watoto walio hatarini kutomaliza, na orodha hiyo iwe ndiyo msingi wa kugawa. Naomba barua za ahadi ziandikwe kwa miaka yote iliyobaki na zifike shuleni kabla ya Januari, ili mhasibu awe nazo mkononi siku ya kufungua. Naomba fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule bila kungoja sherehe ya hundi. Orodha ya shule yangu iko tayari, na nitaileta mwenyewe popote mtakaponiita. Jina la kwanza ni la yule msichana wa Nyando. Anahitaji mwaka mmoja na nusu.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Kisumu